Ua Lililomwagiliwa na Kila Mtu

Siku ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema "Ndugu wafanyakazi wenzangu," mshereheshaji akakichukua kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Sikukasirika. Nimekaa kazini muda wa kutosha kujua kwamba hotuba haishindani na pilau. Kisha mkanizawadia shada la maua ya plastiki, mimi niliyetibu mimea tangu usichana wangu, na mkapiga makofi kwa nguvu. Basi yale niliyotaka kusema nayaandika hapa, mkiwa mmeshashiba. Vyeo sitavitaja, vyote vilichelewa njiani, na mishahara yetu mnaijua wenyewe.

Nilipangiwa Iringa moja kwa moja kutoka chuoni. Mimi ni mtoto wa Tukuyu, kwetu mvua haibishi hodi, nikashuka stendi nikapokelewa na upepo mkavu uliotaka kunivua kitenge mbele za watu. Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Ambilikile, naye Mnyakyusa, mtu mfupi mwenye koti refu. Alinisalimia "Ugonile," akasikiliza habari za nyumbani mpaka mwisho, halafu akafungua droo akanipa mswaki mpya. Nikaona aibu, nikadhani ananisema kuhusu usafi. Kumbe ndicho kifaa cha kwanza cha kazi: mswaki laini na maji ya sabuni, wa kusugulia vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba vinavyojificha kwenye makwapa ya majani. Nimetumia dawa nyingi za bei tangu siku ile, na bado naanza na mswaki. Wa meno nunueni mwingine.

Kazi yetu ilikuwa kliniki ya mimea. Siku za gulio tunatandika meza, tunafungua mwavuli, tunatundika bango, na mkulima analeta jani au shina linaloumwa tumwambie tatizo ni nini. Neno kliniki liliwavuta na wengine. Siku yangu ya kwanza mezani nilipokea homa mbili, jino moja, na bwana aliyetaka kuzungumza faragha. Mzee Ambilikile aliwaelekeza wote zahanati kwa upole, akamwambia yule wa faragha kwamba hata kwa mimea tatizo hilo huanzia kwenye mizizi.

Alinifundisha kutazama mikono kabla ya jani. "Mwenye hindi linaloumwa analitupa mezani," alisema. "Mwenye ua la marehemu mama yake analishika kwa mikono miwili. Huyo wa pili mpe kiti kwanza."

Maua ya sebuleni hayakuwamo katika mpango wowote wa kazi. Mpango ulisema mahindi, viazi, maharage, na baadaye parachichi ikawa ndiyo habari ya mjini. Lakini maua yalikuja. Nyanda zetu hizi masista na wake za wachungaji waligawa vipandikizi kwa mabinti waliokuwa wakifundishwa kushona misheni, mabinti wakaolewa navyo, wakavipanda kwenye sufuria zilizotoboka na ndoo za sado, wakawarithisha wakaza wana zao. Leo kuna nyumba Iringa zimeezuliwa na kuezekwa upya, baba wa nyumba amezikwa, mwanawe amezikwa, ua bado liko dirishani linatazama barabara. Ukoo unaweza kusahau kaburi la babu liko upande gani usisahau lile ua aliyelileta ni nani.

Kesi nyingine zilikuwa nyepesi. Niliitwa ofisi ya mkubwa mmoja, ua lake la kona lilikuwa linakufa na kila mhudumu ameshaonywa kwa maandishi. Nilinusa udongo nikajua. Wageni wote walioshindwa kumaliza chai ya ofisi ile walikuwa wanaimwaga pale mkubwa akigeuka kupokea simu, maziwa na sukari humo humo. Nilishauri ua lihamishwe. Ushauri wa pili, kuhusu chai, sikuutoa, maana nilikuwa bado kwenye kipindi cha matazamio.

Nyingine haikuchekesha. Mnajua msiba ukitokea tunatoa vitu vyote sebuleni ili kina mama watandike mikeka. Makochi nje, meza nje, na maua nje. Sasa fanya hivyo mwezi wa sita, usiku wa jalidi, ule umande unapoganda, uone. Kuna familia waliamka siku ya mazishi wakakuta ua la mama yao, yule yule waliyekuwa wanamzika, majani yote meusi. Walilia upya. Kwa hiyo andikeni hili: ukisikia msiba mwezi wa sita, toa pole, halafu ingiza maua jikoni. Hakuna atakayekuuliza.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, meza yangu ikawa sokoni Uyole, kati ya wauza viazi na barabara ya malori. Vumbi la pale linatibu wadudu lenyewe. Ndipo alipokuja Mwalimu Benedikto, miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, suti ya kahawia, kalamu mbili mfukoni. Alifungua leso mezani kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na jani moja nene, la njano. Nikampa kiti.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi, Mwalimu?"

"Yuko Iringa, kwa mama yangu, njia ya Idodi. Mama, hili si ua la kawaida. Hili ndilo ukoo wetu."

Lilikuwa ua la nta, lile linalotambaa na kutoa vishada vya maua yanayong'aa kama yamepakwa mshumaa. Bibi Yustina, mama yake, alipewa kijiti na sista siku ya harusi yake. Tangu hapo lilizunguka sebule. Kila mtoto wa ukoo akibatizwa, wanampigilia msumari ukutani, wanalivuta ua mpaka pale na kulifunga kwa uzi. Msumari wa kwanza, juu ya dirisha, ulikuwa wa Benedikto, na aliutaja mara mbili. Krismasi wanakuja wote, na kila anayeingia, kabla hata ya kusalimia, anachota kikombe kimoja cha maji anamimina kwenye ndoo. Ndivyo walivyolelewa. Nikamwambia sitibu kwa leso, itabidi nimwone mgonjwa.

Nafasi ilipatikana kwa njia ya kawaida ya kazi yetu: nilipelekwa semina Iringa. Mada ilikuwa namna ya kumfikia mkulima alipo, na tulikaa hotelini. Siku ya pili, walipoanza kutugawa kwenye vikundi na kutupa kalamu za rangi, nilitoka nikapanda gari la njia ya Idodi kwenda kumfikia aliyepo. Ilikuwa Jumamosi. Benedikto alikuwa ameitisha kikao cha familia, ajenda ikiwa hatima ya ua.

Niliingia nikasalimia kwa Kihehe, "Kamwene," na kwa kweli nilisimama mlangoni nikashangaa. Ua lilikuwa limezunguka kuta zote nne, juu ya picha za harusi, juu ya kalenda ya parokia, juu ya saa isiyotembea. Ukuta ulikuwa umeisha. Wajukuu wa mwisho walipigiliwa misumari nyuma ya mlango, na kila mlango ulipofunguliwa majani yao yalibanwa. Hao walikuwa watoto wa marehemu Fransis, kitindamimba, aliyekwenda kulima mpunga Madibira akaoa Msukuma, na mjane wake alikuwa pale, Mama Masanja, mwanamke mrefu asiye na haraka. Ndugu wa Fransis walikuwa hawajamsamehe kwa jina la Masanja kwenye mtoto wa Kihehe.

Bibi Yustina alikuwa kwenye kiti chake chini ya saa, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa ameanguka jikoni. Mama Masanja aliposikia alipanda gari kuja kumuuguza, na alikuwa naye tangu siku hiyo, lakini sasa miche ya mpunga ilikuwa tayari kupandwa Madibira na kesho yake alikuwa anaondoka. Bibi asingeweza kubaki peke yake. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Nikasubiri kusikia limewekwa kwenye ajenda.

Kwanza nilimhudumia mgonjwa niliyeitiwa. Niliingiza mkono kwenye ndoo nikakutana na uji wa udongo. Haikuwa na tundu hata moja chini, na ilinuka kama mfereji.

"Nani analimwagilia?"

"Mimi," alisema Benedikto.

"Mimi," alisema Sesilia, dada yake wa Iringa mjini, katibu wa kwaya, mwanamke wa sauti. "Kila Jumatano. Huyu anakuja Jumapili tu."

"Hata katikati ya wiki nimekuja!"

Picha ikanijia yote. Zamani kikombe kimoja kimoja cha Krismasi hakikuliumiza ua, linapenda ukavu. Tangu Bibi aanguke, kila mtoto alianza kuja kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenye haki nalo, na haki ilipimwa kwa vikombe. Waliposikia mwenzao amekuja mara moja, wao wanakuja mara mbili. Walituma na watoto wao. Waliligombania mpaka wakalizamisha.

"Na mimi chai yangu ipo?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kiti. Mama Masanja alikuwa tayari anaingia nayo.

Nikatoa majibu. Mizizi imeoza, shina la chini limekufa. Huku juu bado kuna uhai. Likikatwa leo vipande, kila kipande kitaota mizizi yake. Likiachwa zima, halifiki mwezi ujao.

Sesilia aliweka mkono kifuani. "Tulikate? Mama yuko hai tunamwona, wewe unataka tugawane!"

"Haliwezi kukatwa," alisema Benedikto. "Litahamishwa zima, na litakuja Uyole. Nyumba yenye ua ndiyo nyumba kubwa. Mimi ni kifungua mimba, na nimeshapigilia misumari sebule nzima."

"Na mimi nimeshapaka rangi sebule nzima! Misumari kila mtu anapigilia. Nani alikuwa anayafuta majani kwa maziwa tukiwa wadogo? Wewe ulikuwa unacheza mpira."

"Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unacheza mpira, Ben."

Walisema kwa muda mrefu. Walipanga jinsi ya kuling'oa ukutani, ngazi ya kulifungia, na lori la kulibeba. Benedikto alikuwa ameshazungumza na dereva. Walijadili hata pembe ya jua. Mimi nilikuwa namtazama Bibi, ambaye alikuwa anapoza chai yake, na nilianza kusikia hasira inanipanda. Mnanijua, sina kipaji cha kunong'ona.

"Samahani, Mwalimu," nikasema. "Na Mama mmemwandalia wapi?"

Benedikto alivaa miwani akatazama karatasi yake ya ajenda.

"Hilo," alisema, "liko kwenye mengineyo."

Nimehudhuria vikao vingi katika maisha yangu, na kwenye mengineyo nimeona yakiwekwa mambo ya vyoo, ya funguo zilizopotea na ya mbwa wa mlinzi. Sikuwahi kuona mama mzazi. Nilimtazama Sesilia nikidhani yeye atasema neno, mwanamke mwenzangu, naye akawa anatazama ukuta, kona ile karibu na msumari wake.

Bibi aliweka kikombe chini. "Mwanangu," aliniambia, "hicho kisu chako kinakata?"

"Kinakata, Bibi."

"Nipe."

Nilimpa. Taratibu za kazi zinasema kifaa cha mtaalamu kisitolewe kwa mteja, lakini taratibu hazikuwa zimemwona Bibi Yustina akinyoosha mkono. Alilishika ua lilipokuwa linapita nyuma ya kiti chake, akakata, akavuta. Nyuzi zikakatika, majani yakamwagika juu ya picha za harusi, utomvu mweupe ukadondoka sakafuni. Sesilia alipiga yowe mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani amefariki.

"Benedikto, njoo."

Mwalimu mkuu mstaafu alikwenda, akapokea kipande chake kwa mikono miwili. Sesilia alikifuata cha kwake huku analia. Bibi aliendelea kukata na kuita majina ya wasiokuwepo, na mimi, nikiwa sina la kufanya, nikafanya kazi yangu. Niliwaonyesha vile vifundo ambako mizizi itatokea. Niliwaambia waache utomvu ukauke kwanza, wapande kwenye mchanga na mboji, ndoo waitoboe, na wamwagilie pale tu udongo unapokuwa mkavu mpaka ndani. Walisikiliza kwa makini sana. Kama wangekuwa wakulima wangu wa viazi ningepata nishani.

Bibi alifuta kisu kwenye khanga yake akanirudishia. "Haya. Ua mmepata wote. Sasa tufike kwenye hayo mengineyo."

Benedikto aligeuza kipande chake akakitazama upande wa pili. Sesilia alikumbuka kwamba gari la mwisho la mjini haliwi na nafasi.

Mama Masanja alikuwa amesimama nyuma ya mlango na trei ya vikombe. "Shemeji, mimi kipande sihitaji," alisema. "Mbuzi wetu hawachagui, watakila siku ya kwanza. Mayu, mama yetu, nitaenda naye kesho."

"Lakini shemeji," alisema Benedikto, "watu watasemaje? Mama mwenye watoto wazima, akakae kwa mkwe? Tena huko kwenye ng'ombe, Usangu?"

"Basi mchukue wewe, shemeji."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama anayempisha mtu njia. Benedikto akaanza kukunja karatasi yake ya ajenda. Bibi akamwambia Mama Masanja, "Sanduku langu liko chini ya kitanda, mama," na kikao kikafungwa bila sala, jambo ambalo Sesilia alililalamikia baadaye.

Nilitoka nje nikajifanya napima udongo wa bustani. Nililia kidogo, ndiyo. Kisha nikarudi semina, nikakuta wamemaliza kuchora, na picha ya mkulima waliyoichora ilikuwa inatabasamu.

Vipande vilishika vyote, hilo ni la kujivunia. Tangu nistaafu Benedikto ananipigia simu kila mara. Kwanza alinitumia picha ya jani jipya, halafu ya kuta zake, halafu ilikuja shida: ua limefika msumari wa kumi na kitu lakini halijatoa kishada hata kimoja. La Sesilia vilevile. Wote wawili walikuwa wamekasirika, na kila mmoja alifurahi kidogo kwamba la mwenzake nalo limegoma.

"Kwa Mama lilikuwa linatoa kila mwaka," aliniambia. "Alikuwa analifanya nini?"

"Mama yupo Madibira, Mwalimu. Kiangazi hiki barabara inapitika. Kamuulize."

"Nitatafuta nafasi. Kwa sasa wewe nitajie tu dawa."

Miezi michache iliyopita nilikwenda Madibira mwenyewe kununua mchele, maana mstaafu hana udhuru. Nilimkuta Bibi Yustina barazani, mguu umepona, anapepeta mpunga na kuwafokea mbuzi kwa Kihehe, na mbuzi wanaelewa. Amenenepa. Masanja na wadogo zake wanamzunguka kama vifaranga. Nikampa salamu, nikamweleza shida ya mwanawe.

"Mimi?" alisema. "Sikulifanya kitu. Hata sikulipenda lile ua, mwanangu. Lilikuwa linachafua vitambaa vyangu, na likichanua linaniumiza kichwa kwa kunukia."

"Sasa, Bibi, miaka yote ile?"

"Lilikuwa linawaleta." Aliupeta ungo mara moja, akautua. "Mama mzazi unaweza kumsahau ukiwa na kazi nyingi. Lakini msumari wako ukutani lazima uje uutazame, usije wa mwenzako ukawa na majani mengi. Sasa kila mmoja ana lake kwake. Kile nilichowavutia nilikikata mwenyewe."

Ndani Mama Masanja alikuwa anakaanga samaki wa mtoni. Bibi aliuchukua tena ungo, halafu nikaona uso wake unabadilika polepole.

"Mwambie ipo siri ya kulichanusha," alisema.

"Ipo, Bibi?"

"Haipo. Lakini mwambie ipo. Na mwambie haisemeki kwenye simu."

Nilimpigia pale pale barazani, Bibi akiwa ameegemeza sikio. Wenzangu, miongozo yetu inakataza kutoa ushauri usio na ushahidi, na mimi nimewafundisha hivyo nyote. Nilimwambia Benedikto ipo siri, ni ya mama yake, na namna ya kuitumia lazima aonyeshwe kwa mikono. Jumapili ile ile aliingia Madibira na suti yake ya kahawia, Sesilia akiwa nyuma yake kwenye pikipiki asije akapitwa. Bibi aliwakalisha, akawapa uji, akawaambia siri yenyewe ni ndefu, hawezi kuimaliza kwa siku moja na umri wake, hivyo warudi mwezi unaofuata aendelee. Wamerudi. Wanarudi bado, na mpaka ninapoandika haya hajafika katikati.